Kusikiliza kwa Mkono Mtupu

Mkalimani anayehudumia wakimbizi hufundishwa kanuni moja kabla ya nyingine zote: sema kwa nafsi ya kwanza. Mama akisema kwa Kiswahili, "Waliingia usiku, wakamchukua mume wangu," mkalimani hasemi kwamba mama anaeleza jinsi mumewe alivyochukuliwa. Anamgeukia mshauri na kutamka kwa Kiingereza au Kiganda: walimchukua mume wangu. Kanuni hii ina maana yake. Inawaacha mama na mshauri wazungumze wao kwa wao, na inamzuia mtu wa katikati asitie chumvi wala asipunguze makali. Lakini mfuate mkalimani huyo tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwa kinywa chake mwenyewe atakuwa amebakwa, amefiwa na mume, amechomewa nyumba, amempoteza mtoto porini. Tena majina ya vijiji anayoyatamka si mageni kwake, maana naye alitoka mashariki mwa Kongo, Fizi, au Rutshuru, au viungani mwa Bunia, miaka michache tu kabla ya yule mama. Akimaliza anatia saini kitabu cha mahudhurio, anapokea posho ya siku, anashuka kutafuta taksi ya kwenda kwake. Hakuna aliyemuuliza neno.

Kazi yangu ni kuwafundisha na kuwasimamia washauri nasaha jijini Kampala, na nikiombwa kueleza uchovu wa huruma ni nini, siku hizi ninaanza na mkalimani. Kwake tatizo linaonekana bila kificho: mtu anapitisha maumivu ya mwenzake ndani ya nafsi yake, hana uwezo wa kuyafanyia lolote, na hana pa kuyatua.

Mengo, mtaa wa jiji hilo, ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili. Wengi wanaijua kwa ufalme: Bulange, ambako Lukiiko, bunge la Buganda, hukutana, na barabara ya Kabaka Anjagala inayonyooka kutoka hapo hadi lango la Lubiri, kasri la Kabaka, ikiwa na sanamu za alama za koo kandokando. Kwenye barabara hiyohiyo shirika la InterAid limewahudumia wakimbizi wa mjini kwa miaka mingi likishirikiana na UNHCR, na Kiswahili cha Kivu na Ituri ni lugha ya kila siku ya wengi wanaosubiri huko. Ukipanda kidogo kuelekea Namirembe unaikuta Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Ni pale ambapo mwaka 1901 yeye na ndugu yake Jack waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale, mwanzoni mwa mlipuko uliokuja kuua watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria na Busoga. Ukiteremkia upande wa Kisenyi unafika kwenye makao ya AIC, kituo cha upimaji na ushauri wa VVU kilichoanzishwa mwaka 1990, kimojawapo cha kwanza kabisa cha aina yake kusini mwa Sahara. Kwa mwendo wa miguu tu unapita mbele ya vizazi kadhaa vya watu ambao kazi yao imekuwa kukaa na anayeteseka na kumsikiliza.

Kitaalamu, uchovu wa huruma ulianza kuandikwa kwa jina hilo mwaka 1992, pale Carla Joinson, muuguzi wa Marekani, alipowaeleza wauguzi wenzake wa idara ya dharura. Miaka mitatu baadaye Charles Figley aliutungia kitabu na kuonyesha kwamba anayesikiliza visa vya kutisha anaweza kupata ndoto, mshtuko na woga kama wa aliyepatwa navyo. Huu si uchovu wa kazi wa kawaida ambao Herbert Freudenberger aliuandikia mwaka 1974, na ambao mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha yake kama jambo la kazini lisilo ugonjwa. Uchovu wa kazi huja polepole, kwa wingi wa kazi, uchache wa malipo na kukosa sauti. Uchovu wa huruma huingia na kisa, na unaweza kuingia kwa siku moja. Hapa Mengo yote mawili huja pamoja, kwa hiyo sipotezi muda mwingi kuwatenganishia washauri wangu. Kinachonivutia zaidi ni kipimo cha maswali 30 cha Beth Hudnall Stamm, ambacho kimetumika pia kwa wakunga wa Mubende na Mityana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Pamoja na uchovu wa kazi na kiwewe cha kuambukizwa, kipimo hiki huuliza jambo la tatu: je, kazi hii bado inakupa ridhaa? Mameneja wengi hulipita swali hilo haraka. Mimi ndilo ninalolitazama kwanza.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni shuku. Kulia hakunitishi sana. Mshauri anayelia bado ameishika kazi yake. Wasiwasi wangu huanza anaposema wakati wa chai kwamba hadithi zote ni moja. "Wamekariri hawa. Wanataka kupelekwa Canada tu." Wapo wanaotunga, ndiyo, kwa kuwa nafasi za nchi ya tatu ni chache na njaa ni kali. Lakini visa hufanana kwa sababu waliovitenda ni walewale: kundi moja, barabara moja, msimu mmoja, mbinu moja. Mshauri mwenye nguvu zake analijua hilo. Akishachoka, kule kufanana kunageuka kuwa ushahidi wa uongo.

Mtazame mezani. Macho yako kwenye fomu. Kalamu imeanza kuandika kabla mama hajamaliza sentensi. Mama ananyamaza kidogo, anapitisha kidole kwenye pindo la kitenge chake, anakusanya pumzi za kusema lile lililomleta hasa, na hapohapo mshauri anauliza, "Na baada ya hapo?" Mama anaelewa. Anaruka sehemu ile, anataja tarehe ya kuvuka mpaka wa Bunagana, anasimama. Alichokiacha bila kusema huenda ni mimba, au maumivu ya tumbo yasiyoisha tangu siku ile, au mtoto aliyeachwa kwa jirani. Hakikuingia kwenye faili, na kisichoingia kwenye faili hakipelekwi kwa daktari wala hakitafutiwi nyumba salama. Ndiyo maana sikubali uchovu wa huruma ujadiliwe kama suala la kuwastarehesha wafanyakazi. Gharama yake hulipwa na yule aliyeketi upande wa pili wa meza.

Sasa, chanzo chake ni nini? Jibu linalopendwa ni kwamba mhudumu amejitoa kupita kiasi, moyo umetumika ukaisha. Silikubali. Tania Singer na Olga Klimecki, watafiti waliofanya kazi Leipzig, Ujerumani, waliwafundisha watu mambo mawili tofauti: kwanza kuyahisi maumivu ya mwingine kana kwamba ni yao, kisha kumtakia mwingine heri na kutamani kumsaidia. Mafunzo ya kwanza yaliwaacha wameelemewa na majonzi. Ya pili yaliwarudishia hisia njema ingawa picha za mateso walizoonyeshwa zilikuwa za namna ileile, na hata ubongo ulionyesha njia tofauti za utendaji. Ninavyouelewa utafiti huo, kinachomwangusha mtu ni maumivu yaliyoingia yasipate njia ya kutokea kwenye tendo.

Mengo inanifundisha kuongeza jambo hapo. Tendo linahitaji nyenzo. Mshauri anaweza kumtakia mama kila la heri, lakini kama hana kitanda cha kumlaza usiku huu, hana pesa ya kodi ya mwezi mmoja, na simu ya ofisi anayompeleka haipokelewi, ile heri inabaki kinywani. Akirudia hivyo kwa watu kumi kwa siku, wiki baada ya wiki, moyo wake unajifunza kujifunga mapema. Kusikiliza kwa mkono mtupu ndiko kunakochosha, na kunachosha maradufu kwa asiye na wa kumwambia.

Mtu atanipinga kwa historia, na pingamizi lake ni la haki. Mwishoni mwa miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea, mikono ilikuwa mitupu kuliko leo. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyefundisha katika Hospitali ya Mulago, alifiwa na mumewe Christopher mnamo Januari 1987, na mwaka huohuo akaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na VVU, pamoja na kikundi kidogo cha watu ambao wengi wao walikuwa wenyewe na virusi na hawakuishi miaka mingi. Kitabu chake cha mwaka 1991 kinaitwa We Miss You All, na jina hilo linatosha kueleza ofisi ya siku hizo ilivyokuwa. Washauri wa AIC walianza kuwapa watu majibu mwaka 1990. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure Uganda mwaka 2004. Katikati hapo ni miaka 14 ya kumtazama mtu machoni, kumwambia alichonacho, na kutokuwa na kidonge cha kumpa. Hata mwendo wa kazi ulibadilika: zamani aliyepimwa alirudi baada ya wiki mbili, na tangu 1997 majibu yakawa ya siku hiyohiyo, kwa hiyo mshauri mmoja alipokea hofu na kutoa habari ndani ya kikao kimoja, akamwita anayefuata.

Kwa nini basi hawakukimbia wote? Nimewauliza wengi waliokuwamo, na jibu hurudi kwenye mambo yaleyale. Walikuwa na la kufanya kwa mikono. Waliosha vidonda, walibadilisha mashuka, walipeleka unga na sabuni nyumbani kwa wagonjwa. Waliwasaidia akina mama kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto watakaobaki, kazi ambayo chama cha NACWOLA cha wanawake wanaoishi na VVU kiliieneza: jina la babu, ukoo, picha, mtoto alipenda kula nini akiwa mdogo. Na walikuwa pamoja. Mwenzao au mteja wao akifa walipanda gari moja kwenda kuzika, waliimba, walirudi wakizungumza. Aliyebaki ofisini alijua wenzake wametoka wapi.

Ninalipenda sana tukio la mwaka 1993, daktari Anne Merriman alipoanza kazi ya hospisi Kampala, katika nyumba aliyoazimwa Nsambya, akiwa na mofini ya maji: unga wa dawa uliochanganywa na maji, wa kunywa, wa bei ndogo. Kwa kawaida tunaisimulia kama habari njema kwa mgonjwa wa saratani, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini fikiria muuguzi. Kabla ya chupa ile alikuwa akizunguka mbali na kitanda cha mtu anayelia usiku kucha, kwa kuwa alikuwa hana cha kumpa, na kila alipozunguka alijichukia kidogo. Baada ya chupa aliweza kusogea, kumpa mgonjwa dawa, na kukaa kando yake hadi usingizi umchukue. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu waandike mofini wenyewe. Sijui mafunzo yoyote ya kujitunza yaliyowafanyia wauguzi wa nchi hii jema kubwa kama hilo.

Sitaki kuupamba wakati ule. Wapo waliozamia kwenye pombe, na wapo waliotoka wakaapa kutorudi. Tayari mwaka 2000 UNAIDS ilichapisha kitabu kuhusu kuwatunza watunzaji wenyewe, kikitumia mifano ya Uganda na Afrika Kusini. Tatizo lilijulikana. Ila mazoea ya kuomboleza na kusimuliana yalipungua kimyakimya kadiri dawa zilivyokuja na takwimu zilivyoongezeka, bila mtu yeyote kukata shauri kwamba yakome.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mnamo Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Februari Wizara ya Afya ya Uganda ikaelekeza kliniki za pekee za VVU na kifua kikuu ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Uamuzi huo una hoja zake, na huenda ulikuwa hauepukiki. Lakini mshauri aliyekuwa na chumba na wateja anaowajua kwa majina alijikuta kwenye korido, na wenzake wengi mikataba yao ikafutwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Majuma hayohayo Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, kisha Bukavu, na mkalimani wetu alikuwa akitafsiri huku simu yake ikitetemeka mfukoni kwa ujumbe wa nyumbani. Mei, Shirika la Chakula Duniani lilisitisha mgawo kwa takribani wakimbizi milioni moja nchini Uganda, nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko yoyote Afrika. Utaratibu wa nchi unamtaka mkimbizi anayechagua kuishi Kampala ajitegemee, hata hivyo aliyekosa unga kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali hupanda basi kuja mjini, na huishia mbele ya meza ileile. Wasikilizaji wamepungua, waliobaki wana nyenzo chache zaidi, na wanaokuja wana mengi zaidi ya kusema.

Vitabu vya kujisaidia vinamwambia mhudumu aache kazi kazini. Ushauri huo umeandikwa kwa mtu mwenye gari, mlango wa geti na chumba chake. Mhudumu wa kipato cha chini Kampala anaishi kwenye muzigo, chumba kimoja kwenye mstari wa vyumba, ukuta mmoja na jirani. Mtaa mzima unamwita musawo, yaani daktari, hata kama hajawahi kushika sindano. Saa nne usiku mlango unagongwa: mtoto ana homa, binti amepigwa na mumewe, kuna barua ya hospitali isomwe. Kijijini nako yeye ndiye mwenye mshahara, kwa hiyo ada za wadogo zake zinamsubiri. Kumwambia aweke mipaka ni kumwambia awe mtu mwingine. Bora tukubali kwamba huruma yake haina saa za ofisi, tuone saa za ofisi zitamrudishia nini.

Kinachofanyika mara nyingi ni semina. Mara moja kwa mwaka wafanyakazi wanapelekwa hoteli moja ya ufukweni Entebbe, wanafundishwa kuvuta pumzi, wanapiga picha ya pamoja, Jumatatu wanarudi kwenye foleni ileile. Pumzi zinasaidia, nazifundisha mwenyewe. Usingizi, mazoezi na sala ya asubuhi ambayo ofisi nyingi za Kampala huanza nayo siku vinasaidia pia, na sala hasa isidharauliwe, maana kwa wengi ndiyo dakika pekee ya siku ambayo jina la mteja hutajwa kwa upole. Ila kumtibu mtu mmojammoja kwa ugonjwa unaozalishwa na ratiba ya kazi ni kumtwika lawama mgonjwa.

Tunao mfano wa namna nyingine. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, Hospitali ya Lacor ilipoteza wafanyakazi 13. Wa mwisho kati yao, Dkt. Matthew Lukwiya aliyeisimamia hospitali, alifariki tarehe 5 Desemba. Uganda inamkumbuka kama shujaa, kwa haki kabisa. Wasimamizi wa mashirika hupenda kumtaja wanapowataka wafanyakazi wavumilie, na hapo ndipo ninapoona wanaisoma habari yake vibaya. Siku chache kabla, baada ya wenzao kadhaa kufa kwa mkupuo, wauguzi waligoma kuendelea. Lukwiya alikaa nao kwenye kikao kirefu. Waliruhusiwa kusema hofu na hasira zao mbele ya bosi, anayetaka kuondoka aliachiwa njia, naye akasema atabaki wodini pamoja na watakaobaki. Mameneja wamekariri kifo chake. Laiti wangekariri kikao.

Kikao cha namna hiyo ndicho ninachokipigania Mengo, kiwe cha kila wiki na kiwe cha kawaida kama kujaza daftari la mahudhurio. Kiongozwe na mtu asiyetia saini mikataba ya waliohudhuria, kwa kuwa hakuna atakayemwambia anayempima kazi kwamba jana alimchukia mteja. Watu wachache, mlango umefungwa, kila mmoja alete kisa kimoja kinachomfuata hadi nyumbani. Wakalimani waketi humo kama wenzao wengine. Kabla ya kila usaili waambiwe kitakachozungumzwa, wawe na haki ya kuinua mkono na kupumua, wasipangiwe mteja wa kijiji chao bila kuulizwa, na anayetafsiri ubakaji asubuhi apewe mchana kazi ya kutafsiri fomu za shule.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji hata senti: mrudishieni mshauri habari. Anapompeleka mama hospitalini au kwenye makazi, mara nyingi hajui tena kilichotokea. Anabaki na mwanzo wa visa mamia, bila mwisho hata wa kimoja. Ile ridhaa ambayo kipimo cha Stamm kinaiulizia inatoka wapi, ikiwa hajui kwamba mtoto alipata shule, au kwamba upasuaji ulifaulu? Karani akipiga simu kumi kila Ijumaa na kusoma majibu kwenye kikao, mazuri na mabaya, mkono wa mshauri hautakuwa mtupu kama alivyodhani.

Mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda huanza Julai 1, na mashirika mengi hupanga bajeti zake miezi kadhaa kabla ya mwaka wao mpya. Kifungu cha mafuta ya gari hakikosekani humo, wala cha kuchapisha ripoti. Ninaomba kifungu kimoja: chumba, saa mbili kwa wiki zinazohesabiwa kuwa kazi, malipo ya msimamizi wa nje, na malipo ya saa hizohizo kwa wakalimani. Wa kuongoza vikao hivyo wapo. Washauri wa miaka ya 1990 wengi wamestaafu, wako Rubaga, Makindye na Wakiso, baadhi wanafuga kuku na wengine wanalea wajukuu. Walikaa na watu bila dawa kwa miaka 14 na wanajua kikundi kinavyoshikwa. Wapigiwe simu sasa, kabla bajeti haijafungwa.